Jioni Nitakueleza

4 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko? Mimi huku mzima. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la alfajiri, yule mwenye kovu kisogoni ambaye hunyolewa kwangu, na ameniahidi ataifikisha mapokezi ya chuo kwa mkono wake mwenyewe. Usiniambie habari za meseji. Meseji ni ya kumuuliza mtu kama mafuta ya mashine yameshafika. Mtoto wangu wa pekee siwezi kumwandikia maneno ishirini kwa vidole hivi vinene, nusu yake makosa. Na kupiga simu ndiyo hivyo tena, mimi na wewe tunajua.

Juzi nilipokuacha getini nilitembea mpaka kituo cha basi bila kugeuka. Usidhani nina moyo mgumu. Ningegeuka ungeusoma uso wangu wote kuanzia juu mpaka chini, nawe ulikuwa na sanduku la kubeba.

Dukani mambo ni yaleyale. Kigoda chako kiko palepale kando ya kioo. Jana mwalimu mstaafu alitaka kukikalia akisubiri zamu yake, nikamwambia mguu umevunjika. Akakiangalia kigoda, akaniangalia mimi, akaenda kusimama mlangoni. Leo nimewaambia wengine wawili hivyohivyo. Sasa mtaa mzima unajua kinyozi ana kigoda kibovu na ni mvivu wa kugonga msumari.

Sasa sikiliza, na hili ni la maana. Ile fomu ya chuo ina sehemu inauliza kama mwanafunzi ana ulemavu wowote na anahitaji msaada gani. Niliijaza mimi wakati wewe unatafuta picha zako. Niliandika "Hakuna." Usikasirike. Watu wakishajua hawakuoni tena wewe, wanaona sikio linatembea. Unakumbuka darasa la tatu, mwaka ule umetoka hospitali na homa ya uti wa mgongo imekuchukulia masikio, mwalimu akakusimamisha kona mchana mzima kwa sababu uliuliza "nini?" mara tatu. Ulirudi dukani huna hata machozi, yamekwisha. Siku ile nikakupa sheria, na imetufikisha mpaka chuoni. Kaa mbele. Tazama midomo. Ukikosa kusikia, itikia kwa kichwa, tabasamu, nyamaza. Jioni nitakueleza.

Najua huko mimi sipo jioni. Lakini wenzako wana madaftari. Tumia akili, unayo.

Kula vizuri.

Baba yako,
Kinyozi


19 Septemba

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata. Kondakta wako aliileta mpaka mapokezi kweli, na akamweleza karani habari za kovu lake lote.

Mimi sijambo. Chumba chetu kina vitanda viwili vya ghorofa na kabati moja la chuma lisilofunga. Tuko wasichana wanne. Mmoja wenzake wamempa jina Redio, kwa sababu anaanza kuongea kabla hajafungua macho. Nimepata kitanda cha chini, ubavuni mwa ukuta. Hapa hakuna kioo kikubwa kama chetu. Kipo kimoja cha ukubwa wa kiganja juu ya beseni, kinatosha jicho moja kwa zamu. Ndiyo kwanza najua jinsi kile kioo cha dukani kilivyokuwa kinanisaidia. Pale nilikuwa naona midomo ya wateja wote kwa mara moja, hata wale waliokaa nyuma yangu. Hapa mtu akiwa nyuma yangu, hayupo.

Sheria yako naifuata. Nakaa mbele. Tatizo ni mwalimu wetu wa famasia. Baba, huyu mzee ana masharubu. Sisemi masharubu ya kawaida. Yameshuka yakafunika mdomo wote wa juu, na wa chini unaonekana akicheka tu, naye si mtu wa kucheka. Halafu anapenda kuongea na ubao. Nimekaa mbele yake wiki mbili na nilichosoma usoni mwake ni kwamba anapenda chai. Wewe kama fundi, masharubu ya namna hiyo yana dawa?

Fomu sijakasirika. Niliiona ulipoiandika. Ulikuwa umesimama mbele ya kioo.

Wenzangu tunaishi nao vizuri. Taa huzimwa saa nne usiku.

Mwanao


28 Septemba

Mwanangu,

Nimecheka mpaka nikamkata mteja kidogo, ni kidogo tu, nimempaka dawa.

Kuhusu masharubu. Hayo tunayaita ya fagio. Mwenye nayo hushindwa kunywa uji mbele za watu. Dawa yake ni mkasi mdogo, kitana chembamba, na dakika nne. Unachana kwenda chini, unakata kwa kufuata mstari wa mdomo, basi. Hakuna haja ya kunyoa yote, mtu anaweza kubaki na heshima yake. Mlete kwangu nimfanyie bure. Ila usimwambie kitu wewe. Mwanafunzi wa wiki tatu hawezi kuanza kumrekebisha mwalimu uso.

Natamani wenzako wa darasani wangekuwa wananyolewa kwangu. Unajua nilivyokuwa nafanya, hata kama hukuwahi kuniuliza. Wale watoto wa darasa lenu, kila mmoja aliyekalia kiti changu nilimhoji mashine ikiwa kisogoni. Leo mmefundishwa nini? Mwalimu kasema mtihani lini? Kazi ya nyumbani ukurasa wa ngapi? Mtoto akiwa na mashine kichwani hana pa kukimbilia. Jioni nakueleza, unanitazama unaitikia, na hapo kuitikia kwako kulikuwa kwa kweli. Mwalimu mkuu alidhani nina wivu wa elimu.

Jambo moja la kuchekesha. Wateja wananilalamikia. Wanasema nikiongea nao napanua mdomo na kuvuta maneno kama nawafundisha kusoma, tena namwangalia mtu kwenye kioo badala ya kumwangalia yeye. Miaka kumi na miwili ya kuongea na wewe imenikaa mdomoni. Yule fundi viatu wa jirani ameniambia niache, anasema anajihisi kama ng'ombe anayehesabiwa meno. Nimejaribu kuacha. Sijui nilikuwa naongeaje zamani.

Mimi nakula vizuri, nalala vizuri, duka limejaa watu. Usiwe na wasiwasi na mimi hata kidogo.

Baba yako


21 Oktoba

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima. Masomo yanaendelea vizuri. Tumeanza mafunzo kwa vitendo kwenye dirisha la dawa la zahanati ya chuo. Hali ya hewa ni nzuri. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Wasalimie wateja.

Mwanao


30 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa muda mfupi kuliko ninavyofungua bahasha.

Miaka ishirini na sita nanyoa watu. Mtu akikaa kitini akasema "punguza kidogo tu" kisha akatazama sakafu, najua nyumbani kwake kuna jambo. Simuulizi. Namnyoa taratibu, nampa muda, na mara nyingi nikifika nyuma ya sikio anaanza kusema mwenyewe. Sasa wewe uko mbali, sikio lako silifikii.

Hali ya hewa ni nzuri? Tangu lini mimi na wewe tunaandikiana habari za hali ya hewa?

Hii barua yako imeniitikia kwa kichwa. Naijua hiyo kazi, nilikufundisha mwenyewe, na sikukufundisha unifanyie mimi. Wafanyie wengine wote. Mimi niambie.

Nimekaa na hii karatasi dukani nimefunga mlango saa kumi na moja, wateja wanagonga. Waache wagonge.

Baba yako


8 Novemba

Shikamoo Baba,

Nakuandikia yote. Kaa chini kwanza, na usikae kwenye kiti cha kuzunguka.

Tarehe kumi na sita mwezi uliopita nilikuwa zamu kwenye dirisha la dawa. Msimamizi wetu ni mfamasia wa kike, mkali lakini wa haki. Siku hiyo alikuwa na mafua, akavaa barakoa. Mimi niliona macho tu. Alikuja mama mmoja na cheti cha daktari, nikatoa vidonge, nikaviandika kwenye rejista. Msimamizi akapita nyuma yangu akaniuliza kitu. Niligeuka nikaona macho yake yananisubiri. Baba, nikaitikia kwa kichwa. Nikatabasamu. Akaridhika akaondoka, na mama yule akaondoka na dawa.

Alichokuwa ameuliza ni kama nimehakikisha umri wa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka minne. Mimi nilitoa vidonge vya mtu mzima.

Dakika tano baadaye nilikuwa napitia rejista mstari kwa mstari, kama ninavyofanya kila siku kwa sababu siamini nilichosikia, naamini kilichoandikwa. Nikaona umri. Sijui nilirukaje ile meza. Nilimkuta kituo cha basi, mtoto amelala begani, mguu wa mama uko kwenye ngazi ya basi. Nilimvuta gauni. Dawa nilizichukua, nikarudi naye dirishani, nikampa zinazotakiwa, mtoto hajanusa hata kidonge kimoja. Huyo mtoto alikuwa na soksi moja tu. Namwona kila nikifumba macho.

Kisha nikamweleza msimamizi mwenyewe. Akasema kosa angeweza kulisamehe, uongo hawezi. Nilimuuliza uongo gani. Akasema, "Nilikuuliza, ukaitikia." Ni kweli niliitikia.

Nimesimamishwa vitendo. Tarehe ishirini na nne Novemba naitwa kwenye kikao cha mkuu wa chuo nikajieleze. Wakiona ni uongo, nafukuzwa kozi. Nikiwaambia sisikii, watafungua faili langu na kukuta pameandikwa "Hakuna" kwa mwandiko wako na sahihi yangu chini. Hapo nitakuwa mwongo mara mbili.

Na kuhusu chumba. Nilikuandikia tunaishi vizuri. Hatuishi vibaya, ila hakuna anayeongea na mimi. Taa ikizimwa wao ndiyo wanaanza mazungumzo, na mimi ndiyo nimezimwa pamoja na taa. Nalala nahisi kitanda kinatikisika wakicheka. Redio analala juu yangu. Kumbe wiki ya pili aliniinamia gizani akanieleza mama yake anaumwa sana, akaongea muda mrefu, akangoja nimjibu. Nilikuwa nimegeukia ukuta. Tangu hapo ananiita Malkia, na mimi nilidhani ni jina zuri. Nimejua juzi, aliponirushia maneno kwenye mwanga.

Nakaa maktaba mpaka inafungwa. Pale kila mtu yuko kimya, siko tofauti na wengine.

Mwanao


13 Novemba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kosa ni langu. Fomu ni yangu, sheria ni yangu, kile kichwa kinachoitikia nimekitengeneza mimi kwa mikono hii. Yule mtoto angekula vile vidonge, ningejisemesha nini?

Nakuja. Nimeshamwambia kondakta aniwekee siti tarehe ishirini na tatu. Nimetoa ile bahasha ya hospitali chini ya godoro, vyeti vyote vimo, cha homa na cha vipimo vya masikio, na hata kile kifaa cha sikioni kilichokuwa kinapiga mluzi nakibeba wakakione kwa macho yao. Nitavaa koti. Nitaingia mimi kwenye hicho kikao, nitawaeleza tangu mwanzo, tangu mama yako alipotutoka na mimi nikabaki na mtoto wa miaka mitano na mkasi. Mkuu wa chuo ni binadamu, ana nywele kama watu wengine. Nitaongea naye mpaka aelewe.

Wewe usiseme kitu. Kaa kando yangu. Wakikuuliza jambo, nitajibu mimi, na jioni nitakueleza walichosema.

Usijifiche tena maktaba. Nakuja.

Baba yako


17 Novemba

Shikamoo Baba,

Tafadhali usije.

Nimeandika mstari huo nikakaa nao siku nzima, sijaufuta.

Ukija, wataongea na wewe. Najua itakavyokuwa kwa sababu imekuwa hivyo hospitali, shuleni, benki, kila mahali. Watu wazima watazungumza juu ya kichwa changu, mimi nitakaa katikati nikigeuza shingo, nikimkimbiza anayeongea, na nikimfikia ameshanyamaza. Watakuonea huruma. Wewe ni mtu wa kupendwa, unajua kuongea. Watanisamehe kwa sababu yako. Halafu utapanda basi, na kesho yake msimamizi atakuja nyuma yangu tena na barakoa.

Nina jambo sijawahi kukuambia, na nisingeweza kukuambia usoni kwa sababu ungeumia na ningeona. Baba, miaka yote hiyo ulinieleza jioni. Hukuwahi kuniuliza kama ningependa kujua mchana, pamoja na wenzangu.

Wakicheka mimi nacheka. Jioni unanieleza walichokuwa wanacheka, na mimi nacheka tena, peke yangu, saa sita baadaye. Nilikuwa nachoka, Baba.

Sikulaumu. Mimi nisingekuwa chuoni bila wewe. Lakini hivyo vyeti nitumie kwa kondakta. Nitaviingiza mwenyewe.

Naogopa sana. Usije.

Mwanao


26 Novemba

Mwanangu,

Nimekutii. Vyeti najua vilifika, kondakta amenihakikishia.

Siku ile ya ishirini na nne nilikuwa hapahapa dukani kutwa nzima. Nilinyoa vichwa kumi na moja, wawili wakiwa ndugu mapacha wanaogombana nani awe wa kwanza. Mchana nilikula kwa fundi viatu. Sikufikiria sana, nilijua utafanya vizuri.

Sasa niambie imekwendaje. Sina haraka. Ila mwambie kondakta asisimame njiani.

Barua yako ile ya tarehe kumi na saba ninayo. Sina la kuijibu kwa leo.

Baba yako


4 Desemba

Shikamoo Baba,

Sijafukuzwa. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Ofisi ya mkuu wa chuo iko karibu na geti, hatua kama kumi na tano. Ina meza ndefu na dirisha kubwa. Walikuwa watano, wamekaa mstari mmoja, na wote wamelipa dirisha mgongo. Mimi nikawekwa kiti upande wa pili, nimeelekea mwanga. Nadhani hakuna aliyefikiri juu ya hilo, ndivyo viti vilivyokaa siku zote. Lakini kwangu ilikuwa vichwa vitano vyeusi. Sikuona mdomo hata mmoja. Mkuu wa chuo akaanza, nikaona kivuli cha kidevu kinapanda na kushuka, na shingo yangu, Baba, ikaanza kuitikia yenyewe. Niliishika kwa mkono. Sikutanii, niliinua mkono nikashika kidevu changu.

Nikasema, "Samahani. Sijasikia mlichosema, na hapa mlipo sitasikia lolote. Mimi nasikia kwa kuona midomo. Naomba tubadilishane upande."

Kisha mkuu wa chuo akainuka akabeba kiti chake mwenyewe, na wengine wakafuata. Nikahamia upande wa dirisha. Wakapata mwanga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa nikawaona watu.

Nilieleza yote. Nilieleza kuitikia kwa kichwa, nilivyoanza na kwa nini. Fomu nilisema iliandikwa na baba yangu kwa kunilinda, na mimi niliona nikanyamaza, kwa hiyo ni kosa letu wawili. Vyeti niliweka mezani. Msimamizi aliniuliza kwa nini sikumwambia tu avue barakoa. Nikamwambia sijui, kwamba miaka kumi na miwili sijawahi kumwambia mtu yeyote arudie. Akatazama karatasi zake. Nilikosea mara mbili nikaelewa swali vibaya, nikawaambia warudie, wakarudia. Mara ya tatu niliona mzee mmoja kachoka, nikamwambia arudie hivyohivyo.

Na mwalimu wa masharubu alikuwepo. Nilimwambia kwa adabu kwamba mimi ni mtoto wa kinyozi na sisemi kwa dharau, ila masharubu yake yamenikosesha somo lake nusu muhula. Nikamweleza dawa yake kama ulivyoniandikia, kuchana kwenda chini na kufuata mstari wa mdomo. Alijishika usoni. Jumatatu alikuja darasani ameyapunguza mwenyewe, upande mmoja juu upande mwingine chini, ungelia ukimwona. Lakini midomo inaonekana. Kumbe ana meno mazuri.

Nimepewa onyo la maandishi. Vitendo nitarudia kuanzia Januari, mwanzo kabisa, wenzangu watanitangulia. Sharti ni kwamba pale dirishani kuitikia kwa kichwa hakuhesabiki, kila swali lijibiwe kwa kulirudia kwa sauti. Hilo msimamizi ameliweka kwa wanafunzi wote. Wengine wamenuna. Fomu nimeijaza upya, kwa mwandiko wangu.

Redio nilimwambia kwamba sisikii, usiku uleule wa kikao, kabla taa haijazimwa. Taa ilipozimwa aliinama kutoka kitanda cha juu, akawasha tochi ya simu akajimulikia uso wake mwenyewe, akanieleza tena habari za mama yake tangu mwanzo. Mama yake alifariki mwezi wa kumi, Baba. Alipokuwa msibani mimi nilidhani amekwenda likizo.

Sasa nije kwako.

Kabla hatujabadilishana viti, nilipokuwa nimeelekea dirisha na sioni uso wa mtu hata mmoja mle ndani, nje kulikuwa na mwanga mwingi. Getini alisimama mtu amevaa koti, na begi la kazi la kinyozi mkononi. Mlinzi alikuwa amenipa mgongo. Yule mtu alikuwa amenielekea. Mlinzi lazima alimuuliza amekuja kumwona nani, kwa sababu yule mtu alijibu kwa kupanua mdomo na kuvuta maneno, vile wateja wasivyopenda. Ningeyasoma hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Ulisema, "Sina mtu hapa. Napita tu."

Nilitaka kutoka nje nikukimbilie, kama kituo cha basi siku ile. Halafu nikaomba tubadilishane upande, na upande wa dirisha ulinifanya nikupe mgongo. Nilijua uko pale na nikakupa mgongo. Sijui kama uliona. Nilipotoka ulikuwa umekwenda.

Kwa hiyo vile vichwa kumi na moja na wale mapacha nimevisoma, vizuri sana. Sitakuuliza.

Nakuuliza jingine, na usiniitikie. Mimi sipo, jioni unaongea na nani?

Mwanao


10 Desemba

Mwanangu,

Mapacha nimewatunga. Na koti lilikuwa linanibana.

Nilipanda basi usiku wa ishirini na tatu nikijiambia nitakuona kwa mbali tu. Yule mlinzi aliponiuliza nimekuja kwa nani, nikaona nikitaja wewe atakwenda kuita, nawe ulishaniomba. Basi nikasema nilichosema. Sikujua neno likitoka mdomoni mwangu linaweza kufika mpaka kwako kupitia dirishani. Ningejua ningeziba mdomo kwa mkono. Si kweli kwamba sina mtu pale. Nataka uione hiyo kwa maandishi.

Mgongo wako niliuona. Mlinzi aliniacha nisimame kwenye kivuli cha kibanda chake, na nikatazama kisogo chako dakika kama arobaini. Hicho kisogo nakijua kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nilikinyoa ulipotoka hospitali, nilikisuka vibaya mpaka mama wa jirani akanionea huruma. Nje pale sikusikia hata neno moja. Midomo ya wale wazee iko mbali, na mimi sijui kusoma kama wewe. Kila walipofungua kinywa nilikuwa nakitazama kichwa chako. Kilitulia. Mara wanaongea, kichwa kimetulia, halafu naona mkono wako unapanda na wao wanaanza tena. Hakikuitikia hata mara moja ovyo. Kilipoitikia, kiliitikia mara moja, taratibu, nikajua hapo umeelewa.

Nikaona kazi yangu pale haipo. Nikaenda kituo cha basi, na safari hii niligeuka, mara nyingi tu.

Kile ulichoandika tarehe kumi na saba, kwamba ulikuwa unacheka peke yako saa sita baadaye. Nilidhani ndiyo saa yako nzuri ya siku. Ilikuwa yangu. Nisamehe.

Kigoda jana nilimpa mwalimu mstaafu. Amekikalia kwa woga, akitegemea kuanguka. Hakijavunjika popote.

Umeniuliza jioni naongea na nani. Nimeanza kulijibu hili mara tatu na mara zote tatu nimeandika habari za wateja, nikachana karatasi. Siongei na mtu, mwanangu. Nafunga duka, nazima taa ya kioo, naenda nyumbani, nawasha redio ya kweli ili kuwe na sauti, nalala. Asubuhi mteja wa kwanza akinisalimu, koo linakuwa kavu kwa sababu halijatumika. Sasa umejua.

Masharubu ya mwalimu mwambie asiyaguse tena, nitakuja na mkasi wangu Januari, kwa mwaliko wako, siyo kwa kujialika.

Likizo yenu inaanza tarehe ngapi? Hukuniandikia, na sitaki kukisia.

Baba yako